Naomba ushauri: gorogoro yangu na imani yangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Nauza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, na mnajua Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko. Nahudhuria ibada ya kwanza, natoka mbio, leso ya kazi iko mkobani. Hilo nimemwachia Mungu. Linaloninyima usingizi ni gorogoro, lile kopo la kupimia. Jirani zangu wamebonyeza makopo yao kitako ili yabebe kidogo, wanauza bei ya chini kuniliko. Juzi nami nilishika nyundo. Nikamkumbuka nyanya mmoja anayenihesabia sarafu moja moja, analisha wajukuu. Nikaiweka chini. Lakini karo nadaiwa. Nyinyi mlio kwenye biashara, mnamtumikiaje Mungu kwa kipimo kamili bila kufilisika? Na wateja nitawaelezaje bila kuwachongea jirani zangu?