Mrejesho: kile kisu cha marehemu baba mkwe

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kusafisha sgian-dubh, kile kisu kidogo Waskoti huchomeka kwenye soksi wakivaa kilti, ile sketi yao ya kiume. Bapa lilishika kutu, mpini wa pembe ya kulungu ukapauka.

Mchawi alikuwa ala ya ngozi! Inanyonya unyevunyevu, chuma kinalika humo humo. Nimetoa kutu kwa mafuta ya cherehani na kitambaa laini, jioni mbili, polepole. Pembe sikuigusisha maji, nta kidogo tu, na ile michirizi yake ya kahawia imeonekana tena. Madini ya fedha ya kichwani mwa mpini nimeyafuta kikavu, nisile nakshi.

Sasa kinalala nje ya ala. Aliyenikataza msasa, Mungu akuzidishie. Jumamosi mume wangu anakivaa harusini.