Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka ECA, baba mdogo kashikilia EGM

Muuza Misumari

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi huku Kahama, nililoachiwa na marehemu baba. Pamoja na duka nikaachiwa mdogo wangu wa kike, ndiye huyu kamaliza kidato cha nne. Kapata daraja la pili, pointi 18. Biashara B, bukukipingi B, Kiswahili B. Hesabu, Kiingereza, Jiografia na Historia zote C. Uraia na Biolojia D. Fizikia na Kemia aliziacha akiwa kidato cha tatu na hapa nyumbani hakuna aliyezililia.

Kwenye fomu ya kuchagua kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, alijaza ECA ya kwanza, EGM ya pili. Jumapili akaja baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu msiba. Akauliza ECA ni nini, akaelezwa: Uchumi, Biashara na Uhasibu. Akacheka. Akasema, "Duka tayari lipo, sasa unampeleka mtoto shule akasomee duka?" Anataka abadilishe iwe EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu, kwa sababu mtoto wa rafiki yake alisoma hiyo na leo yuko benki. Binti kanyamaza mbele yake, usiku akaniambia Hesabu ya kidato cha tano itammaliza.

Mimi shule niliishia kidato cha nne na sifuri yangu, sina cha kusema mbele ya wasomi. Ninachojua ni kwamba huyu mtoto ndiye anayeandika daftari langu la madeni, na mwaka jana alinionyesha kwamba nilikuwa nauza saruji kwa hasara. Nilikuwa nahesabu faida bila kutoa hela ya guta wala ya vijana wa kushusha. Miezi saba hiyo!

Sasa naombeni: ECA au EGM? Au niachane na kidato cha tano nimpeleke chuo moja kwa moja? Dirisha la kubadili machaguo likifungwa ndiyo basi tena. Matusi hapana, tafadhali.

Chifu Debiti

Mkuu, kwanza tupe bei ya misumari ya nchi nne. Ushauri baadaye.

Binti Leja

Mimi ni mtoto wa ECA, sasa hivi ni mhasibu halmashauri. Nakuambia nilichokiona.

Huko tulikuwa tunaita Uhasibu "ndoa". Ukiukosa siku tatu umeukosa wiki mbili. Kidato cha nne mtoto anafunga hesabu za mtu mmoja mwenye duka. Kidato cha tano na cha sita anakutana na ubia: watu watatu wana biashara, mmoja anafariki, mwingine anaingia, thamani ya jina la biashara inabidi igawanywe, na wewe una dakika kama 40 za kulimaliza swali. Bado matawi, bado mali kauli, bado mikataba ya ujenzi, bado hesabu za makampuni. Kuelewa unaweza kuelewa, ila mkono ukiwa mzito saa tatu zinaisha uko swali la tatu. Anayefaulu ni yule anayefanya swali zima kila siku akiwa na saa mbele yake, hata kama ni moja tu. Kusoma majibu ya mwenzako ukatikisa kichwa haisaidii kitu.

Sasa kosa langu. Sisi wa ECA tulikuwa na BAM, ile hesabu ndogo ya ziada. Haiingii kwenye pointi za daraja, maana daraja linatokana na masomo yako matatu ya kombi, kwa hiyo tukaipuuza. Kipindi cha BAM tulikuwa tunafua. Nikapata F. Matokeo yangu mengine mazuri tu, nikataka kuomba shahada ya uchumi, nikakuta wanadai hesabu: uwe umefaulu BAM au uwe na alama nzuri ya Hesabu kidato cha nne. Nilikuwa na D. Mlango ukafungwa hapo hapo, nikaenda uhasibu. Sijutii kazi yangu, ila sikuichagua, nilibakiziwa.

Mdogo wako ana C ya Hesabu. Hiyo C ni mali, aitunze.

Pembetatu

Naona wote mtamshambulia baba mdogo. Mimi simshambulii. Nimesoma EGM na nafanya kazi ya takwimu, najua ninachosema.

Anayetoka EGM amefaulu anaweza kuomba uchumi, takwimu, mipango, ardhi, hesabu za bima, ualimu wa Hesabu na Jiografia, na akitaka anarudi kwenye uhasibu na benki kama kawaida. Wa ECA anabaki upande wa fedha, kodi, ugavi, masoko, benki. Kwa hiyo mzee kwenye upana wa milango yuko sahihi, hata kama sababu yake ni mtoto wa rafiki.

Shida ni neno "amefaulu". Hesabu ya kidato cha tano haina huruma na C. Darasani kwetu walioingia na C wengi walitoka na S au F, na S haihesabiki kama ufaulu kamili wa somo. Chuo kikuu wanataka masomo mawili yenye ufaulu kamili, jumla isipungue pointi 4, kwa hesabu ya A tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Ukianguka Hesabu unabaki na miguu miwili, Uchumi na Jiografia, na ukiteleza kwenye mmojawapo hauna pa kushika.

Ile C yake aliipataje? Kama alikuwa hana mwalimu akajisomea mwenyewe, hiyo ni B iliyokosa mwalimu, aende EGM. Kama alipigiwa tuisheni miaka miwili ndiyo ikapatikana C, amwache na ECA yake.

Muuza Misumari

@Pembetatu mwalimu wa Hesabu walikuwa naye, ila tuisheni hakwenda hata siku moja, jioni alikuwa dukani na mimi. Sasa sijui hiyo inaangukia wapi.

Pembetatu

Katikati hapo. Pole mkuu.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha Uchumi kidato cha tano na cha sita. Niseme jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: Uchumi wa ECA na Uchumi wa EGM ni somo lile lile, mtihani ule ule, karatasi mbili zile zile. Mabishano yenu hayahusu herufi E kabisa. Yanahusu hizo mbili zinazofuata.

Ila hiyo E nayo inawaangusha watoto, na wanaanguka kwa namna moja. Wanadhani Uchumi ni biashara. Mtoto anakuja na akili ya duka, anafikiri tutamfundisha kupata faida. Wiki ya kwanza anakutana na michoro: mahitaji yanashuka hivi, ugavi unapanda hivi, bei iko pale zinapokutana. Anaikariri kama wimbo. Mwisho wa muhula namuuliza swali moja tu, na naliweka hapa kwa sababu linatenganisha wanafunzi wangu kila mwaka.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipanda sana. Mvua za El Niño zilijaa mashambani, miwa ikashindwa kuvunwa, viwanda vikapunguza uzalishaji. Nawauliza: mahitaji ya sukari yalipungua, au ni kiasi kilichonunuliwa kilichopungua? Na kwa nini mama ntilie aliendelea kununua ile ile, lakini muuza juisi akapunguza? Mkariri desa atakuandikia maana ya mahitaji kwa maneno 20 mazuri. Anayeelewa atakuambia watu bado waliitaka chai yao vile vile, kilichosogea ni ugavi. Na mama ntilie hana cha kuweka badala ya sukari, muuza juisi ana maembe matamu. Huo ndio mnyumbuko, yaani mnunuzi anapunguza kiasi gani bei ikipanda. Huyo wa pili anaweza asijue Kiingereza vizuri, nitamfundisha aandike. Wa kwanza nitahangaika naye miaka yote miwili.

Nimetaja Kiingereza, nisimalizie hapo hapo. Karatasi ya Uchumi ni insha. Unapewa swali la mstari mmoja, uandike kurasa tatu kwa Kiingereza, hoja zikifuatana, mchoro ukiwa umeandikwa majina yake yote. Ana C ya Kiingereza. Inatosha kuanzia, haitoshi kumalizia. Kabla shule hazijafunguliwa Julai asome gazeti la Kiingereza kurasa za biashara, habari moja kwa siku, kisha aiandike upya kwa maneno yake. Hiyo itamsaidia kuliko madesa yote ya mtaani.

Kuhusu kuchagua, acheni kumjadili mtoto kama kiwanja. Mpeni jaribio. Tafuta mtihani wa zamani wa Uhasibu wa kidato cha sita, chagua swali la ubia. Tafuta na kitabu cha Hesabu ya kidato cha tano, sura ya mwanzoni yenye mifano. Mpe siku mbili mbili kila kimoja, hakuna duka. Hatapata majibu yote na hatakiwi kuyapata. Wewe angalia tu lipi analolirudia baada ya kukosea.

Kitunguu Swaumu

Hakuna aliyejibu swali la chuo, najibu mimi. Kwa matokeo hayo anaweza kwenda cheti mwaka mmoja, halafu diploma miaka miwili, halafu shahada. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, wanafundisha biashara tangu 1965, wapo Dar, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Kuna na TIA, ile Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kuna na Chuo cha Uhasibu Arusha. Faida yake anaanza kugusa kazi mapema, na akiishia njiani ana karatasi mkononi. Anayeishia njiani kidato cha sita anarudi na cheti kile kile cha kidato cha nne.

Ila piga hesabu, wewe ni mfanyabiashara. Kidato cha tano na cha sita shule za serikali ada iliondolewa 2022, unabaki na sare, godoro, nauli, michango na matumizi yake. Chuo unalipa ada kila mwaka, pango na chakula juu. Na mikopo ya diploma ilipoanza 2023/24 ilielekezwa kwenye fani kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Uhasibu haukuwemo. Akienda kidato cha tano akafaulu, ataomba mkopo wa shahada na wenzake.

Kama duka ndilo linalolisha familia nzima, mimi ningeenda kidato cha tano.

Mzee wa Urari

Nyongeza ndogo. Tahasusi, hizo mnazoita kombi, zimeongezeka tangu 2024, kutoka 16 hadi 65, na mtaala umebadilika. Hii mnayoiita ECA tulivyoizoea sisi wazee, somo la Biashara limebadilishwa jina na sura. Asiangalie herufi tu, aangalie masomo yaliyoandikwa pale kwenye mfumo, na shule ipi inayo. Tahasusi kuwepo kwenye orodha ni jambo moja, shule kuwa na mwalimu wa Uhasibu ni jambo lingine kabisa. Mwanangu alipangiwa shule ambayo mwalimu wa somo hilo alihama muhula wa kwanza, wakakaa hadi kidato cha sita wakifundishana wenyewe. Piga simu shuleni, uliza walimu ni wangapi.

Chifu Debiti

Nimerudi kwa adabu. Baba mdogo unamwambiaje? Kabila gani hilo mnaloweza kumpinga baba mdogo na bado mkala naye sikukuu?

Muuza Misumari

@Chifu Debiti umecheka lakini hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilifanya kama alivyosema Mwalimu. Nilipata mtihani wa zamani kwa jirani, kitabu cha Hesabu nikaazima kwa mwalimu mmoja hapa mtaani. Hesabu alikaa nayo siku ya kwanza vizuri, ya pili akaanza kufagia ua ambao ulishafagiliwa. Swali la ubia alilikosea mara tatu. Mara ya nne ilikuwa saa tano usiku, nikamsikia anagonga mlango wangu, nikadhani wezi. Anasema, "Kaka, imebalansi." Nikaamka nikaitazama. Sikuelewa hata mstari mmoja, ila chini pale namba zilikuwa sawa kushoto na kulia.

Jana baba mdogo akaja. Sikubishana naye. Nilimwambia binti amletee daftari la duka amwonyeshe ile hesabu ya saruji na guta. Mzee kaipitia mara mbili na miwani yake. Akauliza, "Hii ndiyo wanayosoma huko?" Nikasema ndiyo, baba. Akanyamaza, akaomba chai. Wakati wa kuondoka akasema sharti lake ni moja, hiyo hesabu ndogo mliyoitaja asiifulie nguo. Nilikuwa nimemsomea maneno ya Binti Leja.

Kwa hiyo ECA inabaki ya kwanza, na kesho napiga simu shuleni kuuliza walimu. Swali la mwisho: kalkuleta ninunue ipi? Hapa mjini kuna za elfu kumi na za elfu themanini.

Binti Leja

Asinunue inayohifadhi programu, hiyo haingii chumba cha mtihani. Ya kisayansi ya kawaida inatosha. Na mnunulie rula ndefu, leja zina mistari mingi.

Chifu Debiti

Misumari ya nchi nne bado sijajibiwa.