Nimepiga pevingi (vile vitofali vya zege vya kutandika uani) kiwanja chote kwa mikono yangu, jirani wa bondeni anataka nizing'oe. Nani ana haki?

MtuWaGoba:
Wanajamvi heshima kwenu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 25 huku Goba, Dar, si mnazijua zile kona zetu gari inapanda kwa gia namba moja. Nyumba imekula kama mita za mraba 120, eneo lote lililobaki nimepiga pevingi ukuta kwa ukuta, hakuna hata pa kuotesha mchicha. Na nikisema nimepiga namaanisha MIMI na mdogo wangu wa mwisho, kila Jumamosi na Jumapili toka Juni mpaka mwisho wa Septemba, kamba, pima maji na nyundo ya mpira. Fundi sikuita kwa sababu mafundi wote wezi wa simenti, hilo sidhani kama lina ubishi. Sasa vuli imeanza, mvua ya maana ya kwanza tu jirani wa bondeni kaamka maji yako sebuleni, kaja na mwenyekiti wa mtaa wanataka ning'oe japo nusu nirudishe udongo. Kiwanja changu, hati ninayo, jasho langu. Swali ni moja, mtu anaweza kupangiwa sakafu ya nje ndani ya ukuta wake mwenyewe?

KiaziKitamu:
Ngoja kwanza. Mita za mraba 380, pevingi zile za kawaida zinaingia 50 kwa mita moja ya mraba, hiyo ni elfu 19. Mkuu umeinama mara elfu 19?? Jirani atasubiri, mi nataka kujua hali ya kiuno.

MamaWaSaiti:
Hongera kaka, hiyo kazi si mchezo. Ila nijibu kitu kimoja, mteremko umeuelekeza wapi na maji yanatokea wapi kwenye ukuta? Maana mvua ya milimita 10 tu, kwenye kiwanja chako ukijumlisha na bati, ni lita 5,000, yaani tanki tano za lita elfu. Zamani sehemu ya hayo maji udongo ulikuwa unayanywa. Sasa hivi yote yanatafuta mlango.

FundiMwiko98:
"Mafundi wote wezi wa simenti". Wote. Kwa hiyo na mimi niliyeanza saidia fundi 1998 nabeba karai la zege kichwani mpaka utosi ukaota sugu, mwizi. Mnatuletea mchanga nusu udongo kwa sababu kirikuu ya mchanga mzuri imezidi elfu kumi, halafu mnataka lipu ing'ae. Ramani inasema nondo ya 12 mnaleta ya 10, ukiuliza unaambiwa fundi we jenga bana. Malipo nusu, nusu nyingine nikipata mshahara, na huo mshahara miezi mitatu haupatikani na simu haipokelewi. Ukuta ukipasuka nani kapasua? Fundi. Nyumba ikipendeza nani kajenga? "Nimejenga mwenyewe". Aisee mtu asinichefue Jumatatu asubuhi.

MtuWaGoba:
Nimerusha jiwe gizani, aliyelia ndo limempata. Mkuu mi siongei kwa kusikia. Wakati wa msingi nilikuwa nahesabu mifuko asubuhi na jioni, siku moja ikapungua mmoja, kila mtu anaapa kwa jina la mama yake. Usiku naona mbwa anakwaruza lundo la mchanga hachoki, nikaenda na tochi, nikafukua, mfuko mzima wa kilo 50 umelala mle ndani umevikwa nailoni kama mtoto mchanga. Umevikwa nailoni! Mtu alijua mvua inaweza kunyesha kabla hajaufuata. Sasa huyo nimuite nani, mtunza stoo?

ShemejiWaTabata:
Hahaha umenikumbusha wangu. Anakuja asubuhi na ndoo ndogo ya chakula anaichezesha kidole kimoja, jioni anaondoka nayo bega limelala upande. Nikasema huyu mke wake anapika wali wa aina gani unaongezeka uzito ukiliwa.

FundiMwiko98:
Kumbe mbwa ndo shahidi. Basi na mimi nikupe ushahidi, mwizi mkubwa wa simenti nchi hii sio fundi, ni anayewafyatulia tofali. Tofali ya inchi 6 mfuko mmoja ukitoa 30 umeshakaza, hapo unapata tofali ya kuaminika. Wenzenu wanatoa 50. Mnapita barabarani mnaona zimepangwa safi mnauliza bei, hamuulizi mfuko umetoa ngapi. Wala hazimwagiliwi siku saba, zinafyatuliwa leo keshokutwa ziko kwenye Fuso. Ukiibeba kona inabaki mkononi. Hapo mbwa wako hakwaruzi.
Halafu hizo pevingi zako umeshindilia na nini?

MtuWaGoba:
Nilikodi kompakta siku mbili. Kifusi, juu yake vumbi la kokoto sentimita 4, juu pevingi za milimita 60. Nikamalizia kwa kumwagia uji wa simenti kwenye viungo zisichezecheze. Nipo makini mimi.

KokotoNusuInchi:
Uji wa simenti?? Mkuu viungo vya pevingi vinajazwa vumbi au mchanga laini, maji kidogo yapenye, na siku unataka kupitisha bomba unazing'oa unazirudisha bila msiba. Ulichotengeneza hapo ni jamvi la zege lenye michoro.

KiaziKitamu:
Ndo maana tunaitwa wanajamvi.

NondoMojaTu:
Haya ndo matatizo ya nchi hii, kila mtu fundi, kila mtu injinia. Maghorofa yanaanguka watu wanakufa sababu ya kuokoteza okoteza. Lile la Posta 2012 mmesahau? Kariakoo juzi juzi hapa mmesahau?

MamaWaSaiti:
La katikati ya mji sio 2012, ni Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, mtaa wa Indira Gandhi, watu 36. La Kariakoo ni Novemba 16, 2024. Na hakuna kati ya hayo lililojengwa na baba mwenye nyumba na mdogo wake wikiendi, kwa hiyo usichanganye mambo. Mtu kupiga pevingi zake wala sina shida nako. Shida ni maji. Kaka wa Goba, mteremko?

NondoMojaTu:
Nimekosea mwaka mmoja unanisomea tarehe kama karani wa mahakama. Mama saiti gani wewe, si ukaandae chakula cha mchana.

MamaWaSaiti:
Ringbimu ya nyumba ninayolala nondo nimefunga mwenyewe, ringi kila sentimita 20, koleo nimeshika mpaka kidole cha shahada kikaota lengelenge juu ya lengelenge. Na chakula nimeandaa pia, leo makande. Wewe umeandaa nini zaidi ya mwaka wa uongo?

ShemejiWaTabata:
Nondo kapinda.

MbongoBirmingham:
Wakuu nimesoma kimya kimya ngoja nichangie. Huku niliko fundi ni ghali balaa kwa hiyo watu wanajifanyia wenyewe, Jumamosi unaingia duka la vifaa unatoka na kila kitu, rangi, vigae, mbao za banda la bustani. Hakuna anayekushangaa. Lakini hilo la kufunika uwanja lina sheria. Hapa England tangu Oktoba 2008 ukitaka kuweka sakafu isiyopitisha maji uwanja wa mbele wa nyumba, ikizidi mita za mraba 5 tu unaomba kibali, labda maji yake uyaelekeze kwenye bustani yako mwenyewe. Ilikuja baada ya mafuriko makubwa ya 2007. Mita TANO. Jamaa kaweka 380.

KiaziKitamu:
Mbeba boksi kaingia na sheria za malkia.

NondoMojaTu:
Malkia mwenyewe alishafariki. Mkuu rudi kwanza ujenge nyumbani ndo utufundishe kuishi. Huko mvua yenu ya manyunyu, huku mvua ikiamua imeamua.

MbongoBirmingham:
Sasa kama ya kwenu ndo kubwa zaidi si ndo sababu ya kuwa na utaratibu zaidi? Na kujenga nimejenga, Kibaha, vyumba vitatu, nimesimamia kwa WhatsApp. Fundi alikuwa ananitumia picha ya nyumba ya mtu mwingine miezi minne.

MtuWaGoba:
HAHAHA mnaona? Fundi98 njoo umtetee mwenzako huku.

FundiMwiko98:
Huyo sio fundi, huyo mpiga picha. Kila kazi ina matapeli, hata huko kwenye maofisa wenu wenye tai wapo, hamsemi "wote". Mimi nilienda VETA nikapimwa kazi niliyokuwa naijua tayari, cheti ninacho, nimekitia fremu. Mteja anakuja anaulizia bei tu, cheti hakiangalii, anamchukua wa bei chee, akiibiwa anakuja kutukana wote. Ukitaka fundi asiibe mlipe kwa siku kwa wakati, na chai umpe.

KokotoNusuInchi:
Kwa siku? Ukilipa kwa siku kazi ya siku tatu inakuwa wiki, mwiko unafutwa kama bunduki. Kwa kazi ndo sawa, mnakubaliana bei mnagawa awamu tatu.

ShemejiWaTabata:
Kwa kazi ndo wanalipua sasa. Lipu inapigwa usiku kwa tochi ya simu. Bora kwa siku ukae nae hapo hapo kwenye kiti.

KokotoNusuInchi:
Ukikaa nae kwenye kiti kazini kwako nani kaenda?

BintiJangwani:
Mnaongea simenti simenti, ngoja niseme la maji maana mimi ndo yule wa chini. Nimekulia Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi. Desemba 2011 maji yalikuja, sisi tuliokolewa na kaka aliyetuvusha mmoja mmoja, majirani zetu wengine wakahamishiwa na serikali Mabwepande, nje ya mji. Bibi yangu alikuwa fundi cherehani, cherehani ya miguu ile, tulikuja kuipata imejaa tope mpaka kwenye gurudumu, haikuzunguka tena. Kila aliye juu anasema kiwanja changu, bati langu, ukuta wangu. Maji yakishatoka getini kwako yanakuwa ya nani?

NondoMojaTu:
Pole dada ila mlijenga njia ya mto mkasombwa na mto. Sheria ya mazingira ya 2004 iko wazi, mita 60 toka kwa jirani hakuna kujenga.

WakiliWaMtaani:
Mkuu hizo mita 60 ni kingo za mito, maziwa na fukwe, jirani yako yuko humo sheria imempataje? Halafu turudi kwenye mada. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kukuamuru tu ung'oe kwa mdomo, hapo MtuWaGoba yuko sawa. Ila jirani akikupeleka mbele, swali halitakuwa pevingi ni za nani, litakuwa wewe umefanya nini kilichompelekea maji ambayo hayakuwa yakienda. Hati ya kiwanja sio hati ya mvua.

BintiJangwani:
Nondo, sisi mto hatukuufuata. Nyumba ya bibi ilikuwepo wakati maji ya masika yanaishia kwenye migomba. Mlivyozidi kusakafia huko juu ndo ukaanza kuja mlangoni. Usinipe pole yenye "ila".

NondoMojaTu:
Basi yaishe.

MamaWaSaiti:
Naomba niulize mara ya tatu na ya mwisho. Dar tunapata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka, bati lako peke yake mita za mraba 120 ni zaidi ya lita laki moja kwa mwaka, unaweza kuweka gata na matanki ukanufaika kabisa ukaacha kununua maji ya bozi. Uwanja nao ukiteremshia sentimita 2 kila mita kwenda sehemu sahihi, na ukaacha ukanda wa kokoto au shimo la kunywea maji, hakuna wa kukusumbua. Kwa hiyo MTEREMKO. UMEUELEKEZA. WAPI.

MtuWaGoba:
Mama usinipigie kelele nilikuwa kazini. Mteremko umefuata asili ya kiwanja. Maji yanatokea kwenye bomba mbili za inchi 4 nilizopitisha chini ya ukuta.

MamaWaSaiti:
Ukuta upi?

MtuWaGoba:
Wa nyuma. Mbele kuna mtaro wa barabara lakini umejaa taka mpaka juu, ningepeleka huko yangenirudia mwenyewe getini.

KiaziKitamu:
Na nyuma ya ukuta wa nyuma kuna nini? Au nisubiri mwaka kesho?

MtuWaGoba:
Kuna dirisha la sebule ya jamaa. Ila liko mbali kidogo, kama mita nne.

MbongoBirmingham:
Bomba mbili za inchi 4 zinamwangalia mtu sebuleni 😂😂 halafu unauliza nani ana haki.

ShemejiWaTabata:
Mi bado nasema kwa siku.

MtuWaGoba:
Haya mmeshinda chekeni. FundiMwiko, kwa heshima zote, kutoa safu tatu za nyuma zilizoshikana na uji wa simenti, kuchimba shimo la maji pale kona na kujaza mawe, unachaji kwa siku au kwa kazi?

FundiMwiko98:
Kwa siku. Na chai. Nyundo na tindo nakuja nazo. Simenti utanunua mwenyewe, mifuko ulale nayo chumbani.