Bangi na pombe kwenye kaunta moja: je, vijiji vya mbali vya Kanada vina njia nyingine?

Mtoa hoja: Wanajamvi, Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Katika Northwest Territories, eneo la kaskazini lenye watu wapatao 45,000 waliotawanyika katika miji na vijiji 33, serikali ya eneo hilo iliamua bangi iuzwe ndani ya maduka ya pombe yaliyokuwepo, yakiwemo ya Fort Simpson na Norman Wells. Ilhali Desemba 2016 jopo lililoongozwa na Anne McLellan, waziri wa zamani wa afya, lilikuwa limeishauri serikali kuu kwamba bangi isiuzwe pamoja na pombe wala tumbaku kila inapowezekana. Sababu mojawapo inajulikana hata kwa asiye daktari: anayevuta bangi akiwa amekwisha kunywa hulewa kuliko anayetumia kimoja tu.

Mimi napinga utaratibu huo, na ninayemfikiria kwanza si kijana, kwa kuwa umri wa miaka 19 hukaguliwa kaunta. Namfikiria mtu aliyeacha pombe kwa taabu, ambaye sasa hununua bangi kihalali ili apate usingizi. Kopo lake ni dogo, limefungwa kwa namna ambayo mtoto hawezi kulifungua, lina alama nyekundu yenye picha ya jani na onyo la afya kwenye mandhari ya njano. Lakini ili alifikie, sharti apite mbele ya rafu za wiski aliyoikimbia. Kama serikali kuu ilijitahidi hivyo kwenye kifuniko, ile ya eneo ingeweza kuufikiria na mlango.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, kwa heshima zote, unazungumza kama mtu wa mjini. Norman Wells haina hata watu elfu moja, wala haina barabara ya mwaka mzima; mizigo hufika kwa ndege, kwa tishari juu ya mto Mackenzie wakati wa kiangazi, au kwa barabara ya barafu majira ya baridi. Duka la pili maana yake ni pango la pili, mafuta ya pili ya kupashia jengo joto katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na muuzaji wa pili atakayeshinda akiwasubiri wateja wachache walewale. Ukilazimisha duka hilo nalo likakosekana, biashara itabaki kwa muuza magendo, naye hamuulizi mtu kitambulisho. Jopo lenyewe lilisema “kila inapowezekana”, na mimi naona hapo haikuwezekana.

Mtoa hoja: Nakubali habari ya mafuta na pango, hapo umenibana. Hata hivyo, kati ya duka la pili na kaunta moja kuna nafasi kubwa. Nova Scotia, jimbo la mashariki mwa Kanada ambako maduka 11 kati ya 12 ya kwanza ya bangi yalikuwa ndani ya maduka ya pombe, ilitenga walau chumba cha pembeni. Kijijini hata chumba kinaweza kuwa anasa, lakini saa hazigharimu mafuta: bangi iuzwe asubuhi, rafu za pombe zikiwa zimefunikwa, kisha zifunuliwe mchana. Pia mtu anaweza kuagiza kwa posta, ingawa anayetaka kitu leo hatangoja ndege.

Mchangiaji wa pili: Wazo la saa limenivutia, ila mnajadili kana kwamba wanakijiji hawapo. Baadhi ya vijiji vya eneo hilo vimepiga marufuku pombe kabisa kwa kura ya wakazi, na sheria ya bangi nayo imeviachia nafasi ya kupiga kura kama hiyo. Kama wakazi wanaaminiwa kuamua iwapo bangi iingie kijijini mwao, nashindwa kuelewa kwa nini suala la iuzwe chini ya paa lipi liliamuliwa na ofisi iliyoko Yellowknife, makao makuu ya eneo hilo.