Wanafamilia: bunduki ya Mzee

JUMATANO

19:02 Da Salma: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nilisema nitalileta suala la kuuza bunduki ya marehemu Mzee, leo nalileta. Kuna mtu ameiona kule inakotunzwa na ameshataja bei, nimemwandikia kila mmoja pembeni. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Andikeni NDIYO au HAPANA.

19:03 Da Salma: Ndiyo au hapana tu. Tusianze hadithi.

19:40 Da Salma: Naona watu kumi na mmoja mmesoma.

19:41 Idrisa: Mimi nimesoma mara mbili, weka kumi na mbili

19:58 Mama Tatu: 🙏

20:05 Da Salma: Mama Tatu, hiyo ni ndiyo au ni dua?

20:21 Shemeji Daudi: Shikamooni. Da Salma, huyo mtu bei aliipataje? Alitoa bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) akachungulia ndani ya mtutu, au aliitazama imesimama kabatini?

20:23 Da Salma: Shemeji mimi sikuwepo. Alisema ni kuukuu, siku hizi nani anataka kuukuu, anatusaidia tu.

20:24 Idrisa: Anatusaidia 😂😂

20:31 Shemeji Daudi: Ile ni Winchester Model 70. Zilianza kutengenezwa 1936. Mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha muundo ili kupunguza gharama, na wapenzi wa bunduki hawajakisamehe mpaka leo. Za kabla ya hapo ndizo zinazogombewa. Kwa hiyo kuukuu kwake ndiyo bei yenyewe. Nani ana picha ya namba?

20:33 Da Salma: Ninayo, naituma.

20:33 Shemeji Daudi: Usiiweke hapa yote. Nitajie tarakimu ya kwanza na ziko ngapi.

20:36 Da Salma: Ziko sita. Inaanza na 2.

20:40 Shemeji Daudi: Safi. Za muundo mpya zilianzia 700000. Yenye laki mbili na kitu ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Hakikisheni pia kwenye bolti: ya zamani ina kucha ndefu ya chuma imelala ubavuni, hiyo ndiyo inayoshika risasi tangu inapotoka magazini (kisanduku cha risasi). Ya muundo wa 1964 ina kikulabu kidogo tu puani mwa bolti. Na zile nakshi za mshikoni, za zamani zilichongwa, za baadaye ziligandamizwa kwa mashine. Ukizipapasa unajua.

20:42 Idrisa: Kumbe tulikuwa tunalala na mali chini ya kitanda cha Mzee

20:43 Da Salma: Haikuwa chini ya kitanda, ilikuwa ndani ya sanduku la chuma na ufunguo aliuvaa yeye. Usituletee askari.

20:50 Da Salma: Basi Shemeji tupe bei.

20:58 Shemeji Daudi: Siwezi kutoa bei ya kitu sijakishika. Kaliba yake, yaani aina ya risasi inayotumia, ni .30-06. Hizo na .270 ndizo zilizotoka kwa wingi, msitegemee bei ya zile adimu. Pia msiangalie bei za matangazo, mtu hutangaza anachokiota. Tafuteni zilizouzwa kweli: kaliba hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, hali hiyo hiyo. Ikiwa ni mnadani kumbukeni mnada una ada yake, anachotoa mnunuzi sicho kinachomfikia muuzaji.

21:00 Idrisa: Natangaza pikipiki yangu leo kwa bei ya ndege

21:01 Binamu Zai: Ile isiyowaka? 😂

21:01 Idrisa: Inawaka ikitaka

21:04 Shemeji Daudi: Jambo la haraka. ASIISAFISHE MTU. Hakuna kupiga msasa mbao, hakuna vanishi, hakuna kuing'arisha chuma. Ile rangi nyeusi ya buluu ya kiwandani, hata ikifubaa, ina thamani kuliko mpya. Ikishapakwa upya mkusanyaji anaiona mara moja na bei inaporomoka.

21:05 Binamu Zai: Idrisa pikipiki nayo usiioshe, itapoteza thamani

21:05 Idrisa: Sijaiosha tangu nizaliwe, ni ya makumbusho

21:07 Da Salma: Shemeji, mimi juzi nilimwambia yule anayeitunza aisugue kidogo ipendeze kwenye picha.

21:08 Shemeji Daudi: Mpigie SASA.

21:09 Binamu Zai: 😂😂😂 makumbusho

21:15 Da Salma: Hapokei. Lakini kusafishwa siyo kitu. Mkubali tu kuwa bei iliharibika siku Baba Mdogo alipoitoboa matundu kule juu aweke darubini yake. Hilo nyote mnalijua, hamtaki kulisema.

21:15 Idrisa: Tumefika sasa

21:52 Baba Mdogo Hamisi: Nimesoma.

22:10 Baba Mdogo Hamisi: Sikutoboa tundu hata moja. Nilisema wakati ule, nikasema kwenye arobaini, nasema tena. Niliikuta na matundu, nikaweka darubini palipokuwa na matundu.

22:14 Da Salma: Baba Mdogo kwa heshima zote, Mzee mwenyewe alisema.

22:30 Shemeji Daudi: Samahani niingilie. Baada ya Vita Kuu ya Pili bunduki hizi zilitoka kiwandani zikiwa na matundu ya darubini. Hii ni ya miaka ya hamsini. Kama ni yale manne ya juu tu na yana skrubu ndogo za kuyaziba, basi hakuna aliyeyatoboa.

22:31 Baba Mdogo Hamisi: Rudia hapo Daudi, wasome wote.

22:33 Shemeji Daudi: Niyaone kwanza. Lakini sioni kosa.

22:34 Baba Mdogo Hamisi: Miaka yote hiyo. Kila sikukuu, "matundu ya Hamisi".

22:41 Da Salma: Sawa. Na kitako kilichokatwa kikabandikwa mpira? Nacho kilitoka kiwandani?

22:55 Shemeji Daudi: Hicho hapana. Ya .30-06 ilitoka na bamba la chuma nyuma ya kitako. Ubao ukikatwa bei inashuka, hapo siwezi kumtetea mtu.

22:56 Idrisa: Baba Mdogo bega lilikuwa linauma? 😂

22:56 _Ujumbe huu umefutwa_

ALHAMISI

05:48 Shangazi Mkubwa: HAMISI ALIKATA KITAKO KWA RUHUSA YA KAKA YANGU. NILIKUWEPO, NIMESHIKA TAA. KAKA BEGA LAKE LILIKUWA LIMESHAHARIBIKA NA ALITAKA KUENDELEA KUIPIGA. MPIRA ULIKUWA WAKE SI WA HAMISI. NENO HILO NISILISIKIE TENA. BAMBA LA CHUMA LIKO KWANGU NDANI YA KASHA NA RISITI YA SIKU ILIPONUNULIWA. HAKUNA ANAYEUZA KITU KABLA YA KUJA KUKAA MBELE YANGU.

06:30 Idrisa: Shikamoo Shangazi

06:31 Binamu Zai: Shikamoo Shangazi

06:33 Mama Tatu: 🙏

07:15 Da Salma: Marahaba... samahani, shikamoo Shangazi. Tumekusikia.

09:50 Shemeji Daudi: Shikamoo Shangazi. Hilo bamba na risiti hiyo ni habari njema sana. Ubao uliokatwa haurudi, ila mkusanyaji akikuta kipande halisi na karatasi ya tangu mwanzo anaongea lugha nyingine. Visitupwe, na bamba lisisuguliwe.

09:52 Shangazi Mkubwa: SIJAWAHI KUSUGUA KITU KISICHO CHANGU.

10:20 Da Salma: Shangazi, mnunuzi anangoja jibu kabla ya kesho lakini.

10:21 Baba Mdogo Hamisi: Angoje.

10:40 Shemeji Daudi: Halafu leseni ilikuwa ya Mzee na hairithiwi pamoja na bunduki. Hata tukikubaliana leo, haibebi mtu mkononi. Inatoka kwa aliyepewa kuitunza kwenda kwa mwenye kibali, na maandishi. Mimi naweza kwenda kuutazama mtutu. Ndani kukiwa kumeliwa na kutu, haya yote ya 1964 tutayapunguza nusu ya furaha.

10:44 Da Salma: Basi napanga. Jumamosi Shemeji anaitazama bunduki. Jumapili tunakwenda kwa Shangazi. Nani anakwenda? Baba Mdogo, wewe?

10:45 Idrisa: Mimi nakuja na pikipiki

10:45 Binamu Zai: Basi utafika Jumanne

11:30 Da Salma: Nani anakwenda jamani.

13:05 Da Salma: Mmesoma kumi na wanne.

13:20 Shemeji Daudi: Yule mtunzaji alipokea simu?

13:22 Da Salma: Nimemtumia ujumbe. Una alama moja tu.

16:47 Neema: Shikamooni, nilikuwa kazini jana kutwa. Mimi nasema HAPANA kwa sasa. Na kabla ya kuuza kingine, hela ya ile saa ya ukutani iliishia wapi?

16:49 Da Salma: Neema, hapa tunazungumzia bunduki.

16:50 Baba Mdogo Hamisi: Mjibu mtoto, Salma.