Vishazi vya sababu, matokeo, kusudi na ukinzani katika Kiingereza: nifanye mazoezi ya namna gani?

Mtahiniwa wa Njombe

Ndugu zangu, ninajiandaa kurudia somo la Kiingereza katika mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba, nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kila ninapofanya mitihani ya miaka iliyopita kuna sehemu moja inayoniangusha. Ni ile ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo: unapewa sentensi, kisha unaambiwa uanze na "Although" au "In spite of", au utumie "so that", "so … that" au "too … to" bila kubadili maana. Maana za viunganishi hivyo ninazijua. Nimevipanga katika daftari kwa safu nne, yaani sababu, matokeo, kusudi na ukinzani, na ninaweza kuvitaja nikiwa nimefumba macho. Lakini nikianza kuunda sentensi yangu mwenyewe, haisimami.

Jana usiku nilitunga hizi nne, na rafiki yangu aliyeko chuoni akazikata zote kwa kalamu nyekundu bila kuweza kunieleza kosa liko wapi:

"Although he was sick, but he went to the farm."
"My mother sold a goat so that I pay the examination fee."
"Because of it rained, the road was bad."
"The tea was too hot that I could not drink it."

Shule ya msingi nilisoma masomo kwa Kiswahili, na hadi leo wazo hunijia kwa Kiswahili kwanza ndipo nilihamishe. Je, hilo ndilo linaloniharibia? Na nifanye mazoezi gani, maana kukariri orodha hakunisogezi tena?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mwanangu, usikiache Kiswahili. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na ninavyoona mimi, baadhi ya makosa yako yasingetokea kama ungekisikiliza Kiswahili chako kwa makini zaidi.

Anza na sentensi ya tatu. Huwezi kusema "kwa sababu ya mvua ilinyesha". Sikio lako litakataa kabla hujamaliza. Utasema "kwa sababu mvua ilinyesha" au "kwa sababu ya mvua", kwa kuwa ile "ya" inadai nomino. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "because" hufuatwa na kishazi chenye mtenda na kitenzi chake, na "because of" hufuatwa na nomino. Kwa hiyo ni "Because it rained, the road was bad", au "Because of the rain, the road was bad". Kanuni hiyohiyo inakuvusha kwenye "licha ya". Tunasema "licha ya ugonjwa wake" na "licha ya kuugua", na Kiingereza husema "in spite of his illness" na "in spite of being ill". Ukitumia "despite", usiiongezee "of", kwa sababu hiyo "of" ni ya "in spite" peke yake. Ukiwa na kishazi kamili mkononi, rudi kwenye "although".

Katika sentensi ya kwanza, ni kweli Kiswahili kimekuponza. "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda shambani" ni sentensi tunayoisikia kila siku, ijapokuwa hata mhariri makini wa Kiswahili angeiondoa hiyo "lakini". Kiingereza hakikubali "although" na "but" zishike kazi moja. Chagua mojawapo. Na kama moyo wako bado unataka kitu mahali pa "lakini", weka "still": "Although he was sick, he still went to the farm."

Sentensi ya chai inahitaji ujue kwamba "too" tayari imebeba ukanushi ndani yake. "So hot that" ni "ya moto kiasi kwamba", na baada yake unaeleza kilichotokea: "The tea was so hot that I could not drink it." Ukiambiwa utumie "too", unaandika "The tea was too hot for me to drink." Tazama maneno mawili yaliyotoweka, "not" na "it". Watahiniwa wengi hukumbuka kuliondoa la kwanza na kulisahau la pili.

Nimeiacha ya mbuzi mwisho kwa makusudi, maana ndiyo yenye mengi. "Mama aliuza mbuzi ili nilipe ada." Tazama kitenzi "nilipe": kile kiishio cha "-e" kinasema kwamba kulipa kulikuwa jambo linalokusudiwa, halijatendeka bado. Kiingereza hakina kiishio kama hicho hapa, kwa hiyo kazi yake inafanywa na kitenzi kisaidizi. Kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopo, tumia "can", "will" au "may". Kikiwa cha wakati uliopita, tumia "could", "would" au "might". Hivyo, "My mother sold a goat so that I could pay the examination fee." Ulipoandika "so that I pay", uliiacha ile "-e" bila kitu cha kuibeba.

Kisha tazama kiambishi cha mbele. Aliyeuza ni mama, na wa kulipa ni wewe: "a-" na "ni-" vinatofautiana, basi "so that" inahitajika. Lakini "Mama aliuza mbuzi ili alipe ada" ina mtenda mmoja, na hapo Kiingereza huridhika na "to": "My mother sold a goat to pay the fee." Ukitaka urasmi zaidi, "in order to" na "so as to" zinafaa, na katika ukanushi andika "so as not to" au "in order not to". Usiandike "for to pay" wala "for paying". "For" yenye "-ing" hueleza kazi ya kifaa, kama katika "This knife is for cutting bread".

Zoezi langu la kwanza kwako ni methali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno "ili" halimo, lakini kusudi limo ndani ya "apone". Ilete kwa Kiingereza kabla hujasoma mbele. Mimi ningesema: "Let the guest come so that the host may be healed."

Mfasiri, Mombasa

Namuunga mkono Mwalimu, na ningependa kukaa kidogo juu ya "so that", kwa sababu imenisumbua kazini kuliko kiunganishi kingine chochote. Iko katika safu mbili za daftari lako kwa wakati mmoja, kusudi na matokeo, na orodha haiwezi kukuonyesha hilo. Linganisha hizi:

"He spoke softly so that nobody would hear him."
"He spoke softly, so that nobody heard him."

Ya kwanza ni "Alizungumza kwa sauti ya chini ili mtu yeyote asimsikie." Hatujui kama alifanikiwa; pengine alisikika na kila mtu. Ya pili ni "Alizungumza kwa sauti ya chini, hata hakuna aliyemsikia", na hapo jambo limekwisha kutokea. Tofauti yote imo katika "would" na katika mkato mdogo kabla ya "so". Niliwahi kutafsiri barua ya wakili nikaigeuza ya pili kuwa ya kwanza, na mteja akaonekana amekusudia jambo ambalo lilimtokea tu. Barua ilirudishwa, na nikaitafsiri upya. Tangu siku hiyo, kila nikikutana na "so that" ninajiuliza kama Kiswahili changu kinataka "ili" au kinataka "hata", na sisogei mbele mpaka nipate jibu.

Katika safu ya matokeo kuna pia "so" na "such". "So" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi: "so heavy that". "Such" huchukua nomino pamoja na kivumishi chake: "such a heavy bag that". Nomino isiyohesabika haipokei "a". Ila "many", "much", "few" na "little" hubaki na "so" hata kama nomino inafuata: "so many people that". Ukielekezwa kuanza na "So", kitenzi kinaruka mbele ya mtenda: "So heavy was the bag that she could not lift it."

Kuhusu ukinzani, sisi tuna hazina ambayo mara nyingi hatuitumii. "Nijapokwenda, sitamkuta": ukinzani wote umo ndani ya kitenzi, katika "-japo-", na humo ndimo ilimotoka "ijapokuwa". Sasa Kiingereza kinatulazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo "-japo-" huyachukua kwa pamoja. Jambo likiwa kweli limetokea, tumia "even though" au "although", kama "ingawa". Likiwa la kudhania, tumia "even if", kama "hata kama" au "hata" yenye "-ki-". Ule usemi wa kwenye kanga, "Hata ukinichukia, la kweli nitakwambia", ni "Even if you hate me, I will tell you the truth." Ukiandika "even though" hapo, umeshasema kwamba unachukiwa.

Jambo la mwisho kwangu ni dogo lakini linapendeza. "For" yenye maana ya sababu haianzi sentensi; hufuata kishazi kikuu, na husikika ya kimaandishi zaidi kuliko ya mazungumzo. Ndivyo ilivyo "kwani" yetu: "Hakuja, kwani alikuwa mgonjwa." Ukiipeleka mbele, inageuka kuwa swali. "Since" na "as" hazina kizuizi hicho, na zinakaa vizuri mwanzoni kama "kwa vile" na "kwa kuwa".

Mpokezi wa Wageni, Nungwi

Mimi si mwalimu, ila ninafanya kazi mapokezi katika hoteli na ninaandika Kiingereza kila usiku, kwa hiyo nitasema jinsi nilivyojizoeza. Tuna kitabu cha zamu ambacho anayeondoka humwachia anayeingia maelezo. Zamani niliandika vipande tu: chumba namba 12, kiyoyozi kibovu, mgeni amehama. Kisha nikajiwekea sharti kwamba kila zamu nitaandika angalau sentensi moja ya sababu, moja ya matokeo, moja ya kusudi na moja ya ukinzani, zote kuhusu mambo yaliyotokea kweli usiku huo.

"The guest in room 12 moved because the air conditioner was not working." "The generator ran all night, so we need more diesel." "I kept his key at the desk so that the morning shift could find it." "Although he was angry, he thanked the porter."

Faida yake ni kwamba sikuwa ninatafuta mfano. Tukio lilikuwepo, na kazi yangu ilikuwa kuamua tu uhusiano wake na tukio jingine. Kwa namna hiyo niligundua pia kwamba nilikuwa nikichanganya "That is why" na "That is because" kwa miezi mingi. Ya kwanza ni "ndiyo maana", na hufuatwa na matokeo. Ya pili hufuatwa na sababu. Meneja aliyenisahihisha aliniambia nijaribu kuweka "ndiyo maana" mahali pake. Ikikubali, basi ni "That is why".

Mtahiniwa wa Njombe

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana ndugu zangu wawili. Nimefuata ushauri wa Nungwi na kuandika kuhusu mavuno ya viazi ya wiki hii, bila kufungua daftari la orodha. Naomba mnisahihishe:

"Despite the cold, we harvested potatoes until evening."
"I covered the potatoes so that the sun would not turn them green."
"It was such a bad weather that the lorry did not come."
"Even if the price fell, we sold twenty sacks."

Ya pili niliipitisha kwenye kipimo cha kiambishi: niliyefunika ni mimi, la kugeuza rangi ni jua, kwa hiyo nikachukua "so that", kisha nikakumbuka kutafuta mahali pa kuiweka ile "-e".

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Ya kwanza na ya pili ni safi, na ile ya jua na viazi ningeisoma mbele ya darasa, maana humo umeshughulikia kusudi, ukanushi na wakati uliopita kwa pamoja bila kujikwaa.

Katika ya tatu, "weather" ni nomino isiyohesabika, kama Mfasiri alivyoonya. Ondoa "a": "It was such bad weather that the lorry did not come." Ukitaka kutumia "so", geuza: "The weather was so bad that the lorry did not come."

Katika ya nne, jiulize kama bei ilishuka kweli. Mmeuza magunia 20 kwa bei hiyo, kwa hiyo ilishuka, na si jambo la kudhania: "Even though the price fell, we sold twenty sacks." Sasa chukulia kwamba mtungaji wa mtihani amekuambia uanze na "In spite of". Kitenzi "fell" hakiwezi kukaa hapo; lazima kigeuke nomino, kama vile "ilishuka" inavyogeuka "kushuka kwa bei" baada ya "licha ya". Utaandika: "In spite of the fall in price, we sold twenty sacks." Kesho zichukue sentensi zako zote za "although" uzipitishe kwenye mgeuzo huo, kila moja kwa nomino na tena kwa "-ing", kisha uzilete hapa. Penye ugumu ni pale ambapo watenda ni wawili, kwa sababu "-ing" ikikaa bila mtenda wake, msomaji humpa kazi hiyo mtenda wa kishazi kikuu. Ukiandika "In spite of falling, we sold twenty sacks", umesema kwamba mlianguka ninyi.