Mamangu aliona miguu chini ya lori, mimi niliona lori tu. Haya macho yanafunzwa ama mtu huzaliwa nayo?

Dada_wa_Naka:
Wadau habari zenu. Naomba ushauri na tafadhali msinitusi. Nimepata leseni miezi tisa sasa, niko na Vitz, naishi Nakuru na kwetu ni Kisumu pande za Rabuor. Jumamosi iliyopita nilikuwa napeleka mama matangani. Tumepita Kericho, tumeteremka ule mteremko wote mpaka chini, tukapita Awasi, pale barabara imenyooka mpaka unaskia usingizi na jua ni kali. Mbele kuna lori la miwa limesimama, nusu liko kwa lami. Nilikuwa kama 95. Nikaangalia kama kuna gari inakuja, hakuna, nikaweka indiketa nipite.

Mama akanishika mkono akasema "Nyathina (mwanangu), miguu!" Nikakanyaga breki kabla hata sijaelewa ni miguu gani, ndio nikaona gambuti mbili nyeusi chini ya lori, katikati ya tairi, zinatembea kuja upande wa barabara, halafu jamaa akatokea mbele ya lori amebeba jerikeni la maji wala hakuangalia. Tulisimama akiwa karibu aguse boneti. Jerikeni lilimwanguka, maji yakapita chini ya tairi yangu, na sisi wote watatu hakuna aliyeongea.

Mama hajawahi kushika usukani maishani. Ameuza omena kwa zaidi ya miaka ishirini, akija Nakuru na matatu, anapenda kiti cha mbele. Nilimuuliza aliona aje, akasema "lori likisimama mahali hakuna soko, kuna mtu anashughulika nalo." Basi. Mimi naweza kuwaambia hata rangi ya ile lori lakini mtu sikumwona.

Na kitu ingine niseme ukweli. Nilipoanza nilikuwa nafanya 60 mikono ikitoa jasho. Nikaona hakuna kitu kinatendeka, nikaenda 80, saa hii 100 hata siskii kama naenda. Mume wangu anasema nimeshtuka tu itaisha, na mama akae nyuma asinivuruge. Mimi sidhani ni kushtuka. Nifanye nini?

Miaka12_safi:
Pole sana dada. Ni kuzoea, kilomita zikiwa nyingi macho hufunguka yenyewe. Lakini kwa hiyo ya mama naunga mzee wako mkono, abiria wa kushika dereva mkono ataleta ajali siku moja.

Mzee_wa_trela:
Binti yangu, mimi nimevuta trela Mombasa Malaba miaka 22, sasa niko Molo na viazi vyangu. Mama yako hakuona miguu kwanza. Aliuliza lori swali kwanza, "wewe umesimama hapa kwa nini," ndio akatafuta miguu akaipata. Wewe swali lako lilikuwa naweza kupita ama siwezi, na macho huleta tu kile umeyatuma.

Barabara huongea. Matawi yamewekwa kwa lami, jua kona inayofuata kuna gari imekufa. Matatu imesimama steji, yule anashuka atapita mbele yake avuke, mchukulie hivyo kila siku. Mbuzi mmoja amevuka, usimwangalie huyo, angalia alikotoka kwa sababu wenzake wako nyuma. Vumbi linapanda kutoka njia ya kando na bado hujaona gari, hiyo ni gari. Wa boda akigeuza shingo kidogo anataka kuingia, indiketa atakumbuka akishaingia. Na usikazie macho gari iliyo mbele yako, tafuta taa za breki za ile ya tatu.

Hiyo ya spidi ndio imeniuma zaidi. Mteremko wa Salgaa tulikuwa na tabia ya kutoa gia, unaacha trela iserereke na nyutro ili ubakishe dizeli ya kuuza. Mara ya kwanza moyo unapiga, unafika chini salama. Mara ya kumi unaongea na tanboi stori za nyumbani. Hakuna siku barabara ilikuambia umekosea, ilikuwa inakunyamazia tu. Siku breki zinapata moto zinakataa kushika, unatafuta gia haiingii, na hapo hakuna kitu mtu anaweza kukufanyia. Nimezika marafiki kwa hiyo njia. Na usifikirie wa kando ya barabara wako salama, Londiani Junction 30 Juni 2023 trela iliingia kwa watu wakiuza na wakingoja gari, wakafa zaidi ya 50. Mimi nikipita pale mpaka leo naangalia kioo cha nyuma kabla ya mbele.

Mwalimu_wa_usukani_Kisumu:
Mzee amesema kazi yangu yote. Niongeze kidogo kwa sababu dada ameuliza swali la maana, na jibu ni kwamba inafunzwa.

Kuna watafiti wawili wa Marekani, Mourant na Rockwell, 1972 walipima macho ya madereva barabarani. Wapya walikuwa wanaangalia karibu sana na gari na sehemu ndogo, vioo hawaviangalii sana, wazoefu wanatupa macho mbali na huku na huku. Dada sio mjinga, akili yake bado inatumika kuweka gari kwa laini. Uingereza tangu 2002 mwanafunzi anawekewa video za barabarani kwa kompyuta, anabonyeza akiona hatari inaanza kutokea, akichelewa alama zinapungua, akichelewa sana anapata sufuri, na asipopita hapo hapati leseni. Sisi kwa mtihani tunakuuliza juu ya ule ubao uliochorwa barabara za mji, na vigari vidogo. Kwa huo ubao hakuna mtu wa gambuti anatokea nyuma ya lori.

Spidi: ukitoka mteremko ukikimbia muda mrefu, ukifika tambarare mwili umezoea, 80 unaiona kama unatembea. Usiamini mwili, soma dashibodi. Kwa 80 gari inakula mita 22 kila sekunde. Lami ikiwa kavu unahitaji kama mita 53 kusimama, nusu ya uwanja wa mpira, na 15 za kwanza zinaisha kabla breki hazijashika. Wewe ulikuwa 95. Sekunde aliyokupa mama ni mita 26.

Zoezi: endesha ukisema kwa sauti unachoona na kitakachotokea. "Shule kushoto, mtoto ana mpira, atakimbia, natoa mguu kwa mafuta." Dakika kumi kila siku mahali unapajua. McKenna na wenzake Uingereza 2006 walipata kwamba waliofunzwa kutabiri hatari hata ile hamu ya kujiweka kwa hatari ilipungua. Kwa hivyo usiogope eti utakuwa mwoga.

Miaka12_safi:
Mwalimu heshima yako lakini hizo ni za vitabu. Mimi miaka 12 sijawahi kugonga hata kuku.

Mwalimu_wa_usukani_Kisumu:
Ndugu nakuamini na naomba iendelee hivyo. Lakini 1981 Svenson aliuliza madereva wajilinganishe na wenzao, Marekani asilimia 93 wakajiweka upande wa walio bora kuliko nusu ya wengine, Sweden 69. Haiwezekani. Jiulize katika hiyo 12 ni mara ngapi mtu mwingine ndiye alikanyaga breki.

Kiti_cha_mbele:
Mimi ni abiria tu, Kakamega Kisumu kila siku. Wale mnasema mama akae nyuma mnakumbuka stika za Zusha kwa matatu? Zilikuwa zinaambia abiria wapaze sauti dereva akikimbiza. Watafiti Habyarimana na Jack walilinganisha matatu zenye stika na zisizo nazo, madai ya bima ya zile zenye stika yakashuka kati ya robo na theluthi. Huyo mama asinyamazishwe, cha kufanya mkubaliane, aongee mapema na asishike mkono.

Miaka12_safi:
Hiyo ya kuongea mapema nakubali.

Dada_wa_Naka:
Asanteni sana, Mzee na Mwalimu Mungu awabariki. Jana na leo nimeenda Njoro na kurudi nikiongea peke yangu ndani ya gari. Siku ya kwanza sauti ilikuwa inaisha, naona vitu vitatu halafu sina la kusema. Leo pale karibu na njia panda kuna punda wa maji amesimama hana mwenyewe, nikasema kwa sauti "mwenyewe yuko wapi," nikatoa mguu, na kweli alikuwa ameinama upande ule mwingine anafunga kamba, mgongo wote uko barabarani. Nilikuwa 50 kwa hivyo nilipita polepole tu, hata hakujua.

Nimeongea na mume wangu, nimemsomea hizi zote. Ijumaa ijayo tunaenda kumchukua mama, na tumekubaliana anakaa mbele.